Kujiendeleza: Historia ya Istilahi za Elimu ya Juu ya Biashara kwa Watumishi wa Ngara na Biharamulo

Utangulizi

Mtumishi wa wilaya ya Ngara au Biharamulo akionekana Ijumaa jioni anapanda basi na mkoba wa vitabu begani, majirani zake hawasemi kwamba anasomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Husema kwa neno moja tu: anajiendeleza. Neno hilo halikubuniwa na kamati yoyote ya istilahi, wala halikupitishwa na kikao chochote cha usanifishaji. Hata hivyo kila mtu hulielewa. Maana yake ni kwamba mtu mzima, mwenye kazi, mshahara na jamaa wanaomtegemea, amerudi darasani bila ya kuiacha kazi yake.

Upande wa pili, istilahi rasmi za elimu hiyo hiyo hazijatulia. Chuo kimoja husema usimamizi, kingine uongozi, cha tatu utawala, na wengine wameona ni heri kulitohoa neno la Kiingereza likawa menejimenti. Shahada yenyewe baadhi huiita ya uzamili na baadhi ya umahiri, ilhali mitaani watu husema masta, au digrii ya pili, au hutaja herufi tatu tu, MBA. Mfasiri anayeletewa cheti akifasiri hana budi kuchagua. Na ofisa utumishi anayeandika barua ya ruhusa ya masomo naye huchagua, mara nyingi pasipo kujua kwamba amechagua.

Makala haya yanakusudia kueleza maneno haya yametoka wapi, yalipitia mikononi mwa nani, na yanamfaa nini mtumishi anayejiendeleza. Tumezichukua wilaya za Ngara na Biharamulo kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, ziko karibu na mpaka na mbali na vyuo vikuu, na kwa hiyo taabu ya kujiendeleza huonekana huko waziwazi kuliko mijini. Pili, maneno kadhaa ya uongozi na biashara tunayoyafundisha leo madarasani yalipita katika ardhi hiyo kwa miguu, zaidi ya karne moja kabla ya kuingia vyuoni.

Kirongozi, mnyapara na hongo

Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipita Usui, nchi iliyokuwa katika eneo hili, wakielekea Karagwe. Mtemi wa Usui wakati huo alikuwa Suwarora. Speke ameandika kwa kirefu jinsi msafara wao ulivyocheleweshwa huko na jinsi walivyotozwa hongo kabla ya kuruhusiwa kuendelea na safari. Nguo, shanga na waya za shaba zilihesabiwa, zikabishaniwa na kuhesabiwa tena.

Katika misafara ya namna hiyo palikuwa na utaratibu wa kazi uliojulikana vizuri. Mbele alikwenda kirongozi, ambaye aliijua njia na kuwaonyesha wenziwe. Wapagazi walikuwa chini ya mnyapara, ambaye aliangalia mizigo isipotee na watu wasitoroke. Mwenye mali naye alikuwa na amri juu ya wote, na ndiye aliyekubaliana na watemi kiasi cha hongo. Kwa hiyo, zamani zile, msemaji wa Kiswahili alikwisha kutenga mambo matatu: kuonyesha njia, kuangalia kazi inavyotendeka, na kuwa na mamlaka. Leo mambo hayo tunayaita uongozi, usimamizi na utawala.

Maneno hayo yalibadilika kadiri nchi ilivyobadilika. Kirongozi amekuwa kiongozi, na cheo chake kimepanda hata kikawafaa wakuu wa nchi. Mnyapara ameshuka: leo ni msimamizi wa vibarua, au mfungwa anayewaangalia wafungwa wenzake. Hongo, iliyokuwa ushuru wa halali wa mtemi, sasa ni rushwa, na mtumishi akiipokea hushtakiwa. Neno halikubadilika hata herufi moja, bali waliolitumia wamebadilika. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo litakalojirudia katika makala yote: istilahi hubeba historia ya watu waliokuwa nayo mkononi.

Mwaka 1972: dhana moja, majina mawili

Elimu ya biashara ya nchi hii ilianza kujengwa hatua kwa hatua baada ya uhuru. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, yaani kati ya 1963 na 1970, shahada ya biashara ilifundishwa Nairobi, ilhali Dar es Salaam ilijulikana zaidi kwa sheria. Mtanzania aliyetaka shahada ya biashara alivuka mpaka.

Kwa historia ya istilahi, mwaka muhimu zaidi ni 1972. Mwaka huo Serikali ilitangaza siasa ya Madaraka Mikoani. Katika kuupanga utaratibu wake ilishauriwa na McKinsey, kampuni ya Kimarekani ya ushauri wa uendeshaji wa makampuni. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa Serikali Kuu mikoani na wilayani. Katika mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ambao uliitwa Kagera baada ya vita vya 1978 na 1979, watumishi wa Ngara na Biharamulo walijikuta wanatakiwa kutunga mipango, kukadiria gharama na kutoa taarifa za matumizi kwa mtindo ambao wengi wao hawakuwahi kufundishwa.

Mwaka huo huo ziliundwa taasisi tatu za kuikidhi haja hiyo. Huko Mzumbe, mahali palipokuwa na chuo cha serikali za mitaa tangu 1953, kilianzishwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Dar es Salaam kilianzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Pia ilitungwa sheria ya kuunda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu.

Tunamwomba msomaji ayatazame majina ya vyuo hivyo viwili. Kwa Kiingereza vyote viwili vilitumia neno moja. Kwa Kiswahili, katika mwaka mmoja na chini ya Serikali moja, neno hilo lilifasiriwa uongozi huko Mzumbe na usimamizi huko Dar es Salaam. Hatuwezi kusema kwamba wafasiri walikosea. Yamkini walihisi kwamba maendeleo ya watu yanahitaji wa kuwatangulia, na kwamba fedha zinahitaji wa kuziangalia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho, kilipoanzisha kitivo chake mwaka 1979, kilikiita Kitivo cha Biashara na Uongozi. Hivyo uongozi ukapata nguvu katika miaka ile ya siasa, wakati ambapo kila mwenye dhamana alitakiwa awe kiongozi kwanza na mtaalamu baadaye.

Azimio la Musoma na mwanafunzi aliyetoka kazini

Watu wengi hudhani kwamba kusoma huku mtu yumo kazini ni jambo jipya lililoletwa na vyuo vya jioni. Kwa kweli, palikuwa na wakati ambapo jambo hilo lilikuwa ndiyo siasa ya Taifa. Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974 iliamua kwamba kijana amalizapo masomo ya sekondari asiende moja kwa moja Chuo Kikuu. Alitakiwa afanye kazi kwanza kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha apate maoni mema ya mahali pake pa kazi na ya tawi la Chama. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, kwanza kwa wasichana na kwa masomo yaliyopungukiwa waombaji. Hata hivyo yaliacha wazo ambalo halikufutika, kwamba kazi nayo ni sifa ya kumwingiza mtu darasani.

Wazo hilo lilikuwa na mizizi katika mafundisho ya Mwalimu Nyerere. Katika miaka ya 1960 aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda kuleta chakula kutoka mbali. Asiporudi, basi amewasaliti waliomlisha. Mfano huo unaeleweka mahali popote, lakini unagusa zaidi katika wilaya ambayo ikimpeleka ofisa wake mmoja masomoni, meza yake hubaki tupu.

Hapa ndipo neno kujiendeleza linapotaka kutazamwa. Kitenzi endelea kimezaa maendeleo, na maendeleo lilikuwa neno kuu la miaka ile: kamati za maendeleo, ofisa maendeleo, uongozi wa maendeleo. Kuendeleza ni kukifanya kitu kiende mbele. Lakini kujiendeleza kuna kiambishi -ji-, kinachomrudishia mtenda tendo lake mwenyewe. Hapo pana swali ambalo sarufi peke yake haiwezi kulijibu. Je, anayejiendeleza anaiendeleza wilaya, au anajiendeleza yeye? Wakubwa kazini huliuliza swali hilo kila wanapopokea barua ya kuomba ruhusa. Na mtumishi naye hujiuliza usiku, akihesabu ada.

Kutoka bepari hadi mjasiriamali

Kama uongozi ulipanda cheo, biashara ilipita katika majaribu. Neno bepari lilitoka Bara Hindi, na kwanza lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu, bila ya lawama. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 likawa jina la adui wa siasa ya Taifa, na ubepari ukawa mfumo wa unyonyaji. Anayetaka kulitumia bepari leo kwa maana yake ya zamani hataeleweka.

Katika wilaya za mpakani majina ya mtu mmoja aliyeuza na kununua yalibadilika mara nyingi katika kizazi kimoja. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mwaka huo huo Operesheni Maduka ilitaka biashara ya rejareja ihamie katika maduka ya vijiji. Mwenye duka akawa mtu wa kushukiwa. Bidhaa zilipoadimika, aliyevusha sabuni au kahawa mpakani aliitwa mtu wa magendo, na aliyeficha bidhaa aliitwa mlanguzi. Mwaka 1983, katika msako ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, jina likawa zito zaidi: mhujumu uchumi. Biashara ilianza kulegezewa masharti mwaka 1984, na mwaka 1986 Serikali ikapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mtu yule yule akawa mfanyabiashara. Baadaye likaundwa neno mjasiriamali kwa kuunganisha jasiri na mali, na mtu wetu akapata sifa ya ushujaa.

Hatuyasemi haya kwa kejeli. Tunayasema kwa kuwa mtumishi wa Ngara anayesomea biashara leo huenda akawa mtoto wa mtu aliyeitwa mlanguzi. Vitabu anavyovisoma humfundisha kwamba kununua mahali penye wingi na kuuza mahali penye uhaba ni kazi ya halali, yenye hesabu na hatari zake. Hakuna kitabu cha Kiingereza kitakachomweleza kwa nini mzee wake alilifanya jambo hilo kwa siri. Historia hiyo imo katika Kiswahili peke yake.

Neno jingine lililohama ni rasilimali. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kichwa cha mali, yaani fedha ya kuanzia biashara. Siku hizi tunasema rasilimali za Taifa kwa misitu na madini, na rasilimali watu kwa watumishi. Nafasi yake ya zamani imechukuliwa na mtaji. Mwanafunzi wa biashara asiyejua uhamisho huo akisoma maandishi ya zamani ataelewa vingine.

Chuo kumfuata mtumishi

Shahada yenyewe tunayoizungumzia haikuzaliwa kwa ajili ya watumishi. Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani kilianza kuitoa mwaka 1908 kwa vijana waliokaa chuoni kutwa. Ilikuwa Chuo Kikuu cha Chicago kilichoanzisha, mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, masomo ya shahada hiyo kwa wakuu wa kazi ambao hawakuweza kuziacha ofisi zao. Uingereza nayo mwaka 1969 ilianzisha chuo kikuu cha kufundisha kwa posta, redio na televisheni, ambacho hakikudai wanafunzi wahame makwao.

Kwetu, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza kutoa masomo kwa njia ya posta mwanzoni mwa miaka ya 1970. Istilahi ilikuwa nyepesi, maana kila mtu alimjua posta. Sheria Na. 17 ya 1992 iliunda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kilianza kufundisha mwaka 1994 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, na baadaye kikaweka vituo mikoani, Kagera ikiwamo. Uteuzi wa neno huria ulikuwa mzuri. Laiti wangesema chuo kikuu cha wazi, watu wangedhani hakina milango. Huria lilikwisha kuzoeleka, na linamwambia mwanafunzi kwamba hakufungwa na mahali wala saa.

Vyuo vingine navyo vilijongea. Mzumbe, iliyofanywa chuo kikuu mwaka 2001, ilifungua kampasi Dar es Salaam na kutoa masomo ya jioni. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilichoundwa mwaka 1998 kutokana na taasisi ya Nyegezi, kikawa jirani wa karibu zaidi kwa watu wa magharibi mwa Ziwa. Arusha, tangu 1980, ipo taasisi ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika ya kuwafundisha wakuu wa kazi. Bodi ya Wahasibu nayo, kwa mitihani yake, imewalea watumishi wengi ambao hawakupata kukaa chuoni.

Lakini neno jioni, katika masomo ya jioni, lina sharti lililojificha. Lamfaa anayekaa mji ule ule chuo kilipo. Mtumishi wa Dar es Salaam huweza kutoka ofisini saa 10 alasiri na kuingia darasani saa 11. Wa Ngara hawezi. Yuko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Dar es Salaam, na hata Mwanza kwake ni safari ya kutwa. Anayetoka Biharamulo kwa kupitia Geita alikuwa akingoja kivuko baina ya Busisi na Kigongo hadi Juni 2025, lilipozinduliwa daraja la kilometa 3. Kwa hiyo elimu iliyotangazwa kuwa ya watumishi wote ilikuwa kwa kweli ya watumishi wa mijini, na tangazo halikusema hivyo.

Ngara ilikuwa na chuo kingine kisichokuwa na jengo. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo wakakimbilia wilayani humo. Kambi ya Benaco, iliyopata jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, ikawa kama mji. Mashirika ya misaada yalipokuja yaliajiri wenyeji kutunza bohari, kuhesabu magunia, kupanga malori na kuandika taarifa. Kwa maoni yetu, huko ndiko maneno kama andiko la mradi, mfadhili, ufuatiliaji na tathmini yalikoanza kuzoeleka katika ofisi za wilaya. Kijana aliyeingia kazini akiwa karani wa bohari alijifunza usimamizi kabla ya kulijua jina lake. Hatushangai kwamba baadhi ya wenzake wa rika hilo walitafuta shahada baadaye, wapate cheti cha mambo waliyokuwa wamekwisha kuyatenda.

Shahada moja, majina mengi

Shahada, ushahidi na ushuhuda ni maneno ya mzizi mmoja. Shahada ni tamko la kushuhudia kwamba mtu fulani anajua jambo fulani. Juu ya msingi huo yamejengwa astashahada na stashahada kwa ngazi za chini. Ngazi ya juu ndiyo yenye mgogoro. Wapo wanaosema uzamili na wapo wanaosema umahiri. Hata katika tasnifu za Kiswahili za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam utayakuta yote mawili.

Wanaopendelea umahiri wana hoja. Neno mahiri linajulikana, na msikilizaji hahitaji kufundishwa. Lakini udhaifu wake umo humo humo katika kujulikana kwake. Seremala wa Rulenge asiyepata kuingia darasani anaweza kuwa mahiri, na hakuna wa kumnyang'anya sifa hiyo. Tukiufanya umahiri kuwa ngazi ya chuo, tutakuwa tumelichukua neno la watu wote na kulifungia kabatini. Uzamili, kwa kuwa halina kazi nyingine mitaani, linaweza kubeba maana moja tu bila ya kumdhulumu mtu. Kwa sababu hiyo sisi tunaegemea uzamili.

Kuhusu neno la pili, tunadhani msafara wa zamani unatupa jibu. Uongozi ni kazi ya kirongozi: kujua njia na kuwatangulia watu. Utawala ni mamlaka. Kinachofundishwa katika shahada hii, yaani kupanga, kugawa kazi, kuangalia fedha na kupima matokeo, ni kusimamia. Kwa hiyo shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara ndilo jina tunaloliona kuwa sahihi zaidi. Menejimenti hatulikatai, maana lugha haikui kwa kufunga milango. Ila pale ambapo neno la nyumbani lipo na linafanya kazi, si lazima kuazima.

Hojaji iliyorudi tupu

Mtu anaweza kuuliza: je, haya si mabishano ya watu wa kamusi? Tutajibu kwa tukio ambalo sisi wenyewe tulilishuhudia.

Mtumishi mmoja wa Ngara alituomba tumtazamie hojaji ya utafiti wake wa shahada. Aliitunga kwa Kiingereza, kama chuo chake kilivyotaka, kisha akaifasiri kwa Kiswahili ili awaulize wafanyabiashara wadogo wa sokoni karibu na mpaka wa Kabanga. Swali moja liliuliza: "Vihatarishi vya biashara yako ni vipi, na unavisimamiaje?" Neno vihatarishi limeenea katika taarifa za Serikali, na mfasiri hakukosa kitu. Lakini hojaji nyingi zilirudi na nafasi hiyo ikiwa tupu. Mama mmoja muuza ndizi, aliposomewa swali, aliuliza vihatarishi ni wadudu gani.

Tulimshauri mtumishi aulize hivi: "Ni mambo gani yanayoweza kukutia hasara, nawe hufanya nini yasikupate?" Mama yule alieleza kwa muda mrefu. Alitaja ndizi kuiva njiani, bei kushuka siku ambazo magari mengi huingia kutoka Burundi, thamani ya fedha kubadilika kati ya asubuhi na jioni, na mdeni anayehama. Alieleza pia kwamba hagawi mkopo kwa mtu ambaye hajui kwao, na kwamba huuza nusu ya mzigo mapema hata kwa faida ndogo. Yote yaliyomo katika sura ya kitabu juu ya somo hilo alikuwa nayo. Kilichokosekana ni neno la kumfikia.

Lau tusingebadilisha swali, tasnifu ingeandika kwamba wafanyabiashara wadogo wa mpakani hawana maarifa ya kukabili vihatarishi. Ingesahihishwa, ingepitishwa, na huenda mtu angetunga mpango wa kuwafundisha wanachokijua. Hiyo ndiyo hasara ya istilahi isiyopimwa kwa watumiaji.

Tulinganishe na neno mizania. Hili nalo ni la kitaalamu, lakini limetoka katika mizani. Mkulima wa kahawa aliyesimama mbele ya mizani ya chama cha ushirika akitazama mshale unatulia wapi, halimpi taabu kuelewa kwamba mizania ni hesabu ya kulinganisha mali na madeni. Hali kadhalika dira, chombo cha mabaharia, imepanda milima hadi Ngara kwa maana ya lengo la mbali, na imepokewa. Neno lenye mzizi katika kitu kinachoonekana husafiri mbali.

Mapendekezo

Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na vyuo vikuu mwaka 1991 au 1992. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Tangu Januari 1967 shughuli za Serikali zilitakiwa ziendeshwe kwa Kiswahili, na Baraza letu liliundwa mwaka huo huo kwa Sheria Na. 27. Matokeo yake ni kwamba mtumishi wa wilaya hufanya kazi kwa lugha moja na kujiendeleza kwa nyingine. Daraja baina ya hizo mbili hulijenga mwenyewe, usiku, bila ya msaada.

Maadam hali ni hiyo, tunapendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji kungoja mabadiliko makubwa. Kwanza, vyuo vikubaliane juu ya jina moja la Kiswahili la shahada hii, liandikwe katika barua za udahili na za ruhusa ya masomo. Pili, kila tasnifu inayotafiti watu wa wilaya fulani iwe na ikisiri ya Kiswahili na faharasa ya istilahi zake, na nakala moja ipelekwe katika maktaba au ofisi ya wilaya hiyo. Tatu, hojaji zisomwe kwanza kwa watu watatu au wanne wa mahali panapotafitiwa kabla ya kuchapwa.

Tukirudi kwenye swali la kiambishi -ji-, hatudhani kwamba mtumishi anapaswa kuona haya kwa kujiendeleza. Anayelipa ada kwa mshahara wake, akasafiri usiku na kuwa ofisini Jumatatu asubuhi, amestahili cheti chake. Lakini shahada ni ushahidi, na ushahidi hutolewa mbele ya watu. Mama muuza ndizi wa Kabanga alitoa maarifa yake bila ya malipo. Ni haki yake asomewe, kwa lugha anayoielewa, yaliyoandikwa juu yake.

Tunawaomba walimu, wafasiri na maofisa wa wilaya nyingine watuandikie istilahi wanazotumia huko waliko kwa elimu hii, pamoja na zile ambazo wananchi wamezikataa. Zilizokataliwa zina mafunzo mengi kuliko zilizokubaliwa.